Mlezi Aliyeuliza Kwenye Matuta

Hakuna mtu aliyewahi kuniudhi kama Mlezi, na mimi nafanya kazi na wenye mashine za kusaga, watu ambao asubuhi wanakuita fundi na mchana wanakuita mwizi. Nimeshatukanwa Chanji, nimeshatukanwa Izia, na kuna mama mmoja alinifukuza kibandani kwake na mwiko mkononi. Wote hao nikishaoga nimewasahau. Mlezi nimetembea naye kichwani miaka kumi na mmoja, na mpaka leo nikiwa peke yangu nafunga nati najikuta nagombana naye kwa sauti.

Jina lake sitalitaja. Hata tulipokuwa naye hatukulitumia. Katika nyumba ya masista, yule anayewaandaa wasichana kabla hawajaweka nadhiri huitwa mlezi, na yeye aliifanya kazi hiyo muda mrefu mpaka cheo kikameza jina. Masista wenzake walimwita Mlezi, muuza maziwa alimwita Mlezi, na paroko akisoma matangazo alisema Mlezi anaomba majembe ya kuazima. Sisi tulikuwa wanovisi wake saba, mwaka wa mwisho. Mwezi wa kumi na mbili kila mmoja wetu alitakiwa aseme mbele ya kanisa kwamba anajitoa kwa Mungu, au afunge sanduku arudi kwao. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikujua nataka nini. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu yote, na kazi ya Mlezi ilikuwa kuhakikisha siikimbii.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miguu mikubwa ambayo viatu vya shirika havikuiweza, kwa hiyo alivaa raba nyeusi za kiume mwaka mzima. Alitembea mbele yetu haraka, shela ikipigwa na ule upepo wa Ufipa usiojua kupumzika, na hakugeuka nyuma kuangalia nani amebaki. Alikuwa na ofisi yenye meza na viti viwili, lakini sikumbuki kuona mtu amekaa humo. Alisema viti vinafundisha uongo.

"Mtu akikaa kwenye kiti mbele ya mkubwa wake anatafuta jibu zuri," alituambia siku ya kwanza. "Akiwa na jembe mkononi anachoka kulitafuta. Chukueni majembe."

Kwa hiyo malezi yetu yalikuwa shambani. Mwezi wa tatu, mvua zinapoanza kukatika, tulikwenda kupiga matuta yale ya kwetu, ya mviringo, tunayoyaita intumba. Unakata nyasi pamoja na udongo wake, unazigeuza majani yakae chini, unarundika mpaka linatokea tuta la kufika magotini. Juu unapanda maharage, halafu unaliacha. Nyasi zinaozea humo ndani zenyewe. Mvua mpya zikianza mwezi wa kumi na moja unalivunja, unatawanya ule udongo mweusi, unapanda mahindi. Mtoto wa Kifipa anayajua hayo kabla hajajua kusoma. Sesilia, mwenzetu wa kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, alikuwa hajui. Kwao ni dagaa na mihogo. Siku ya kwanza alisimama na jembe lake akauliza tunamzika nani.

Mlezi alikuchagua, akasimama kwenye tuta la pili kutoka lako, akauliza swali moja na kuendelea kulima. Hakukusaidia. Hakutikisa kichwa, hakusema "enhe". Ungeweza kumaliza matuta mawili bila kujibu na yeye angemaliza matatu. Na maswali yake hayakuwa yale tuliyojiandaa nayo. Hakuuliza unapenda nini, kwa sababu, alisema, kupenda mtu anaweza kusema chochote. Aliuliza hivi: "Jana ulisahau muda ukifanya nini?"

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili ndilo lililotuumiza: "Na jana ulifanya nini kwa sababu ulikuwa unaangaliwa?"

Namkumbuka Sesilia akimweleza jinsi alivyomwosha miguu sista mzee aliyekuwa mgonjwa. Aliieleza vizuri, hata mimi tuta la pembeni nikaguswa. Mlezi akauliza chumbani walikuwa watu wangapi. Sesilia akahesabu, akafika watatu. Halafu akaanza kulia.

"Usilie," Mlezi akasema, jembe linaenda. "Miguu ilitakata, si ndiyo? Basi. Nimeuliza tu nani alikuwepo."

Mimi nilijaribu kujificha nyuma ya Mungu. Nilifikiri huko hatanifuata. Nikamwambia, "Nadhani ni mapenzi ya Mungu niwe hapa, Sista."

Akasimamisha jembe, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Mungu amekutuma useme hivyo?"

"Hapana, Sista."

"Basi usimfanye mshenga. Ukitaka kitu sema wewe."

Nilimchukia siku hiyo, nasema kweli. Nilikuwa nimekuja kwa watu wa Mungu, nikakuta hata Mungu siruhusiwi kumtaja.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alituhubiria ukimya, na Jumamosi timu yake ikicheza alificha redio ndogo chini ya shela, tukasikia korido nzima, "Toa mpira, wewe! Toa!" Alituhubiria subira, lakini hakuweza kungoja chai ipoe, aliungua ulimi kila asubuhi na kumlaumu mpishi. Alimfanya askofu apate kigugumizi siku moja kwa kumuuliza kwa nini mahubiri yake ni marefu, na mwanamke huyohuyo akiona chura wakati wa masika alipanda juu ya benchi na kuita watu. Alitukataza uongo hata wa kutania, na mpishi akimuuliza kama amekula alisema amekula, huku sahani yake tumeiona kavu. Tulimcheka sana kisirisiri. Tulimwogopa zaidi ya tulivyomcheka.

Nyumba nayo haikuwa na amani juu yake. Kundi lililotutangulia lilikuwa na watu watano, na watatu walirudi kwao wiki chache kabla ya nadhiri, kila mmoja kwa miguu yake. Mama Mkuu hakulisahau hilo. Siku moja nikiwa nafuta vioo vya nje niliwasikia ofisini.

"Unatupunguzia watu," Mama Mkuu alisema.

"Nakupunguzia wanaojidanganya."

"Sisi tunazeeka, Sista. Zahanati haina mtu, shule haina mtu. Wakija saba wewe unawauliza maswali mpaka wanaondoka. Mwaka huu usinirudishie hata mmoja."

Nilibaki na kitambaa kwenye kioo, kwa sababu nilijua kwamba kama kuna mmoja wa kurudi, ni mimi.

Nilijua kwa sababu ya daftari. Alitupa kila mmoja kaunta buku, lile la gamba gumu, na kila jioni baada ya sala ya masifu tulitakiwa kuandika majibu ya maswali yake mawili. Alisema hatayasoma. Mtu aliyekaa bweni tangu darasa la tano haamini maneno kama hayo, lakini niliandika, kwa kuwa nilipoanza kuandika sikuweza kuacha.

Nyumba ilikuwa na mashine ya kusaga, majirani wa kijiji cha karibu walileta mahindi yao pale. Siku moja nikipita na rozari mkononi nikasikia mkanda unapiga kelele isiyo yake. Nilijua ni kelele isiyo yake, ingawa hakuna aliyewahi kunifundisha ya kwake. Niliingia. Mwendeshaji alikuwa amekwenda kula, nikaizima, nikafungua kifuniko, nikakuta nyundo za kusagia zimelika upande mmoja. Nilipotoka humo chakula cha mchana kilikuwa kimepita, rozari ilikuwa kwenye msumari, na mimi nilikuwa mweupe wa unga mpaka kope. Nikaandika hayo. Kesho yake nikaandika habari ya chekeche lililotoboka. Keshokutwa, beringi. Kurasa kwa kurasa, Mungu hayumo hata kwa kupita. Na chini ya swali la pili, nilichofanya kwa sababu ya kuangaliwa, niliandika karibu kila siku neno lilelile: nimesali.

Siku niliyoyasoma yote kwa pamoja niliingiwa na hofu. Mama yangu alikuwa mjane, na alikuwa ameshawaambia jumuiya nzima kwamba mwanawe anaweka nadhiri. Walishaahidi mbuzi. Kwaya ilishaanza mazoezi. Mama alikuwa ameshonesha gauni, yeye ambaye hajawahi kushonesha gauni kwa ajili ya kitu chochote. Na mimi nina kitabu kinachosema nasali kama mtu anayepigwa picha. Kukichoma sikuweza, jikoni kila wakati kulikuwa na mtu. Kwa hiyo nikafanya kama Mfipa. Tulikuwa tunamalizia matuta ya mwisho, nikalitia daftari chini ya nyasi, nikalifunika udongo, nikapanda maharage juu. Nilijiambia mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja litakuwa mbolea. Kwa Mlezi nikasema limepotea, akanipa jingine bila neno, na hilo la pili nikaandika mambo ya kanisani.

Nyasi zilioza. Gamba gumu la kaunta buku halikuoza. Mwezi wa kumi na moja, wiki mbili kabla ya nadhiri, tukivunja matuta, jembe la Sesilia likaliinua juu kama mhogo. Masikini akafurahi. "Sista, kumbe la mwenzetu hili hapa! Halijapotea!" Akalipeleka moja kwa moja kwa Mlezi, mimi nimesimama hatua kumi kutoka hapo. Mlezi akalipangusa na aproni, akaniangalia mara moja, akaliweka mfukoni. "Endeleeni kulima," akasema.

Siku nne baadaye tukaingia mafungo ya siku nane, kimya kuanzia asubuhi mpaka jioni, kujitafakari kwa mara ya mwisho. Kila siku Mlezi alimwita mmoja mmoja shambani. Aliponiita mimi hakutaja daftari. Aliuliza maswali yake yaleyale na mimi nikajibu vitu vya kanisani, na yeye akalima. Siku ya pili ikapita hivyo. Wenzangu wote sita, nilikuja kujua baadaye, walikuwa wameshamwambia neno lao wazi, kwamba wanabaki. Mimi nilikuwa nasubiri barua.

Lazima nieleze barua. Kila novisi huandikiwa na halmashauri ya shirika kama amekubaliwa au la, na barua zote hupitia kwa Mlezi. Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, aliingia nazo mkononi. Akapita nyuma ya benchi akiweka moja pembeni ya kila sahani. Niliona mkono wake ukipita sahani yangu. Sita zilifunguliwa, wasichana sita wakaanza kulia kwa furaha bila sauti, maana tulikuwa kwenye kimya. Nikainua macho. Mlezi akanijia karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Yako bado."

Kuanzia hapo sikulala vizuri wala kula vizuri. Siku ya nne bado. Siku ya tano bado. Nilikuwa na hakika kwamba ameshalisoma daftari, ameshalipeleka kwa Mama Mkuu, na sasa wanatafuta maneno ya upole ya kunifukuzia. Nilimwona mama yangu na gauni lake. Nilisali, na safari hii sikuwa naangaliwa na mtu, lakini sala yenyewe ilikuwa moja tu, kwamba barua ije na iseme ndiyo, ili nisilazimike kusema chochote mimi. Halafu nikajisikia nikiomba hivyo. Siku ya sita asubuhi nzima nilikaa kwenye ukingo wa shamba na jambo hilo. Kama wangesema ndiyo ningebaki, wangesema hapana ningeondoka. Mimi mwenyewe nilikuwa wapi?

Siku ya saba nilimfuata kabla hajaniita.

"Sista, narudi nyumbani."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Kwa sababu barua haijafika?"

Nilitaka kusema hapana, nikashindwa. "Sijui. Lakini nikiwa kanisani nasikiliza mashine. Kila siku. Imekaa vibaya na hakuna anayeisikia isipokuwa mimi."

Akatia mkono mfukoni, akanipa daftari. Udongo wa mwezi wa tatu ulikuwa umegandisha kurasa pamoja, mkavu kama tofali. Hakuna aliyelifungua tangu nilizike.

"Sasa unajua sijasoma," akasema. "Hakuna aliyesoma. Nenda. Kesho uje useme tena, au usiseme."

Kesho yake nilisema tena. Yeye akasema, "Haya," na kurudi kwenye jembe lake. Hakunibariki, hakunishika mkono. Miaka yote ile, na mwisho wake ni haya.

Niliondoka kabla kimya hakijafunguliwa, bila kuagana na mtu. Nyumbani ilikuwa vibaya kama nilivyoogopa. Mbuzi alirudishwa kwa waliomtoa. Mama alikaa misimu miwili ya mvua akinisemesha ya lazima tu: maji, kuni, funga mlango. Kila niliyemwambia nimeamua mwenyewe alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama aliyeachika akisema ameacha yeye. Na ukweli ni kwamba hata mimi sikujiamini. Barua yangu haikuja. Nilijiona kama mtu aliyesikia hatua za anayekuja kumfukuza, akaruka dirishani, halafu anajisifu kwamba ametoka.

Nilikwenda mjini nikajifunza kwa fundi mmoja mkali, nikavumilia vicheko, sasa nina banda langu Chanji na watu wananifuata kutoka mbali. Wananiambia nimezaliwa kwa kazi hii. Mimi huwa najibu kwamba ni kazi tu. Kila ninapokaribia kufurahi kabisa, kitu kinaniambia hukuchagua wewe, ulikimbia.

Mwaka huu, mwezi wa kumi, niliitwa kwenda Chala kutengeneza mashine. Shafti imepinda, siku ya gulio, foleni ya akina mama na madebe yao inafika barabarani, na kila mmoja ana neno la kumwambia fundi. Nilikuwa nimelala chini ya mashine, naona miguu tu. Ndala, makubazi, miguu pekupeku. Halafu raba nyeusi za kiume.

"Beringi au shafti?" sauti ikauliza.

Niligonga kichwa kwenye chuma. "Shafti. Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Usitoke, maliza kazi, watu wana njaa."

Alikuwa amehamishiwa Chala, nyumba ndogo ya masista watatu, na siku hiyo ilikuwa zamu yake kuja kusaga. Alizidi kukonda, mgongo umeanza kumwinamia, lakini alisimama kwenye foleni na debe lake kama wote, na kijana aliyetaka kumpisha, yeye alimrudisha kwenye nafasi yake. Mashine ilipokubali, nikaisikiliza mpaka nikaridhika, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa. Alikuwa amekaa juu ya gunia ananisubiri. Nikakaa pembeni yake. Nilimweleza habari za banda langu, nikajisifu, ndiyo, nilijisifu sana. Alinisikiliza bila kuuliza swali, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Barua yako ilifika," akasema.

"Barua gani?"

"Ya halmashauri. Ilifika siku ya tatu, pamoja na za wenzako."

Mashine ilikuwa inanguruma, nikadhani sikusikia vizuri. "Walinikataa."

"Walikukubali. Wote. Hakuna aliyepinga."

"Uliniambia bado."

"Nilikudanganya."

Alilisema hivyo tu, mikono magotini. Mimi niliinuka, nikakaa, nikainuka tena. "Kwa nini mimi? Wenzangu uliwapa!"

"Wenzako walikuwa wameshasema kabla barua hazijaja. Wewe ulikuwa unaingoja ikusemee."

"Ningekuwa mtawa mbaya?"

"Ungekuwa mzuri sana," akasema. "Hilo ndilo lililonitisha."

Sikumwelewa, na sikutaka kumwelewa. Nilipiga kelele, akina mama wote wa foleni wakageuka kumtazama fundi anayemfokea sista mzee. Nilimwambia miaka kumi na mmoja nimetembea kama mtu aliyefukuzwa. Kijiji kizima kinajua nilikataliwa. Mama yangu anajua nilikataliwa. Mimi mwenyewe nimelala na kuamka nikijua nilikataliwa.

"Hilo sikulijua," akasema.

"Hukuuliza! Wewe unayeuliza kila kitu, hilo hukuuliza!"

Akainamisha kichwa. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo mbele ya mtu, na haikunipa raha niliyofikiri itanipa. Alikaa hivyo mpaka unga wake ukatoka. Halafu akasema, "Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Nipeleke."

Tulipanda bodaboda mbili. Kwetu si mbali na Chala, mwendo kama wa nusu saa kwenye vumbi. Njia nzima nilijiuliza kama nimgeuze. Mama ana shinikizo la damu. Mama alishapona, au alishazoea, na sasa namletea mtu wa kumfungua upya. Bodaboda ya mbele haikupunguza mwendo, na shela ilikuwa inapepea mbele yangu, sioni uso wake.

Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Alimtambua mara moja, maana aliwahi kumwona siku tulipovalishwa shela. Akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akamkaribisha kwenye kigoda, akaniangalia mimi kuuliza kuna msiba gani. Mlezi hakukaa.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Mwanao hakukataliwa. Walimkubali. Barua yake nilikuwa nayo mimi, nikaificha asiione, mpaka akaamua mwenyewe kuondoka."

Mama alishika ungo kwa mikono miwili. Nilisikia maharage yakigongana humo ndani. "Mimi nimewaambia watu ni kifua," akasema. Alikuwa ananiambia mimi. "Niliwaambia una kifua, ndiyo maana wamekurudisha. Paroko mwenyewe nilimwambia. Kila mwaka mtu ananiuliza kifua cha mwanao kinaendeleaje."

Ningecheka kama ningeweza. Sikujua habari hiyo. Miaka yote alikuwa amesimama mlangoni kwangu na uongo wake mdogo, ananikinga.

Akamgeukia Mlezi, na sasa sauti yake ilikuwa na makali. "Uliniondolea mtawa, Sista."

"Ndiyo, mama."

"Angeiona hiyo barua, angebaki?"

"Muulize mwenyewe."

Wote wawili walinitazama. Miaka yote nilijiuliza ningefanya nini kama wangenikubali, na nilikuwa na majibu mengi, mengine ya kishujaa. Nikayaacha yote. "Ningebaki, Mama," nikasema. "Ningebaki kwa ajili yako."

Mama akaketi, ungo mapajani. Alitazama mikono yangu, kucha nyeusi za grisi ambazo amezilalamikia kila Krismasi.

"Na mimi nisingejua," akasema taratibu. "Ningekuja sikukuu zote. Ningekaa benchi la mbele na gauni langu, nashukuru. Nisingejua kabisa."

Halafu akainua uso kwa Mlezi, bila makali tena, kama mama mmoja anavyouliza habari za mwingine. "Na mama yako wewe, Sista? Alijua kwa nini ulibaki?"

Mlezi aliuvuta ukingo wa shela, akauachia. Kuku walikuwa wanakuja karibu na ungo na hakuna aliyewafukuza.

"Hakujua, mama," akasema. "Alikufa anashukuru."